Madigadi Iliyolegea

Mimi ni fundi baiskeli, na kwa miaka kumi na minne baiskeli yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele kuliko zote hapa Mugumu. Madigadi ya nyuma, bati la kuzuia matope, ilikuwa imelegea. Kila tairi likigusa jiwe, lile bati liligonga fremu, na kwa jinsi njia zetu zilivyo, liligonga kuanzia mlangoni kwangu Morotonga hadi popote nilipokuwa nakwenda. Wateja walinicheka. Walinikuta sokoni nimeinama nakaza spoku za watu, baiskeli yangu imeegemea ukuta nyuma yangu, wakauliza fundi gani huyu anayepanda debe. Niliwajibu kwamba sina muda. Huo ulikuwa uongo wa wazi, maana skurubu moja ingetosha, na skurubu nilikuwa nazo kopo zima.

Aliyenikataza kuikaza alikuwa mke wangu.

Mimi ni Mkurya wa Tarime. Yeye naye alikuwa Mkurya, ila wa upande wa Mbalibali, nyuma ya kilima, na mila ya ukwe kwao ilikuwa ile ile ya kwetu. Mwanamume hatazamani na mama wa mke wake. Hamkai chumba kimoja, hamli sahani moja, hampeani mkono. Mkikutana njiani, mama anaacha njia, anaingia shambani au kichakani, anakupa mgongo, na wewe unapita ukitazama mbele. Wageni wakisikia hivi hudhani ni chuki. Si chuki hata kidogo. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizonazo, na mama huyo hampi mtu mwingine yeyote. Muuza chumvi atapewa mkono, dereva wa bodaboda atapewa mkono, mwanasiasa atapewa mkono. Mkwe anapewa mgongo.

Mara ya kwanza tulipokwenda kwao baada ya kuoana, niliiosha baiskeli, nikaitia mafuta, nikakaza kila kitu kinachokazika. Nilitaka nionekane fundi. Mke wangu alitoka nje na mzigo wake, akaishika baiskeli, akaitikisa. Haikutoa sauti.

"Legeza hiyo madigadi," akasema.

"Nimeikaza sasa hivi."

"Najua. Njia ya kwetu ina kona na mtama mpaka pembeni. Mama atakusikiaje?"

Nikamwambia kengele ninayo. Akasema kengele inapigwa na mtu, na mtu husahau, lakini bati halisahau. Basi nikatoa spana, nikalegeza, na tangu siku ile sikuigusa tena. Mama mkwe alinisikia nikiwa bado juu ya kilima. Nilipofika kwenye kona, mtama ulikuwa bado unatikisika pale alipoingia, na wakati mwingine niliona ncha ya kitenge. Uso wake sikuujua. Ningekutana naye sokoni Mugumu bila kitenge chake cha kijani, nisingemtambua.

Mwaka juzi mke wangu alifariki. Aliugua siku chache tu, na sitaki kuzieleza. Tulimzika nyumbani kwetu Tarime. Watu wa Mbalibali walikuja kwa gari moja, wakakaa siku zao, mama yake akiwa katikati ya wanawake amejifunika kichwa, mimi nikiwa upande wa wanaume. Siku ya kuondoka walipanda gari lao wakaenda. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alinishika bega bila kusema neno. Nilisimama barabarani nikitazama vumbi, nikisubiri kukumbuka alichosema, hadi nilipogundua kwamba hakusema.

Sisi hatukupata mtoto. Kama tungepata, njia ya kule isingekuwa na maswali, maana bibi angetaka kumwona mjukuu na mimi ningempeleka. Sasa nani alikuwa ananiunganisha na ile kona ya mtama? Ndugu zangu Tarime walilijadili jambo hilo mbele yangu kama vile sipo. Mmoja alisema ukwe haufi. Mwingine alisema umekufa pamoja na mwenyewe, nioe tena niache kujisumbua. Nilipata hasira, nikaondoka kabla ya chakula.

Ningeweza kumpigia shemeji simu. Namba yake ninayo hadi leo. Lakini mwanamume mzima anauliza swali hilo kwa maneno gani? Habari za huko, mvua imenyesha, ng'ombe hawajambo, na je, mimi bado ni mkwe wenu? Jambo kama hilo kwetu haliulizwi. Unapita njiani, basi. Mama akiingia kwenye mtama akakupa mgongo, wewe ni mkwe wake bado. Akisimama hapo hapo akanyoosha mkono na kukuuliza habari za safari, ukwe umekwisha, wewe ni mpita njia kama muuza chumvi.

Niliogopa mkono ule. Ndiyo maana sikwenda.

Wiki ya pili baada ya msiba niliitundika baiskeli yangu ukutani, kwenye misumari miwili, ndani ya chumba cha mbele. Kabla ya kuitundika nilifanya jambo moja ambalo bado linaniuma. Nilichukua spana, nikaikaza ile madigadi. Nilijiambia kwamba hakuna tena anayeihitaji kelele yake.

Ikapita miezi kumi na minane hivi. Nilikuwa mpweke, na neno hilo silipambi. Asubuhi niliweka majani ya chai ya watu wawili, nikakumbuka maji yakiwa yameshachemka, nikanywa vikombe vyote viwili ili visiende bure. Sokoni nako kazi imepungua. Bodaboda zimechukua watu, na wenye baiskeli waliobaki ni wauza maziwa na wazee wachache, ambao wanakuja kujaza upepo na kuzungumza habari za ng'ombe. Zipo siku nilifunga kazi nikagundua kwamba maneno niliyosema tangu asubuhi ni "upepo umejaa" na "asante".

Mwaka huu, mvua zilipoanza kupungua, kambi moja ya watalii karibu na mpaka wa hifadhi iliniletea boksi refu. Msimamizi wa kambi, kijana wa Arusha mwenye kofia, alilishusha kwenye gari kwa uangalifu kama anashusha mgonjwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Baiskeli ya milimani. Wageni wamechoka kukaa kwenye gari, wanataka kupita vijijini. Iunganishe, ijaribu vizuri, halafu utuambie njia zipi zinafaa. Ikiwa nzuri, zinakuja nyingine tano."

"Niijaribu wapi?"

"Popote. Kwenye njia unazozijua wewe." Akaniachia kofia ya plastiki, akanionyesha jinsi mtu anavyosimama kwenye pedeli akishuka mlima.

Nilikaa nalo boksi lile siku mbili. Nimefungua baiskeli nyingi maishani, lakini ya namna ile nilikuwa sijaishika. Ilikuwa na shokapu mbele, kwenye foku inayoshika gurudumu, na nyingine ya nyuma imelala katikati ya fremu, hivi kwamba gurudumu la nyuma linapanda na kushuka peke yake wewe umekaa. Siti ilishuka kwa kubonyeza kitufe kwenye usukani. Breki zilikuwa za diski na mafuta, gia kumi na mbili nyuma na sahani moja tu ya meno mbele. Kulikuwa na pampu ndogo yenye saa ya kipimo kwa ajili ya kujaza upepo kwenye shokapu zenyewe, kulingana na uzito wa mpandaji. Nilijipima kwenye mizani ya muuza pamba, nikajaza upepo wa uzito wangu, ambao ulikuwa umepungua kuliko nilivyodhani.

Kitu kimoja tu hakikunipendeza. Ukiacha kukanyaga pedeli, friwili ya gurudumu la nyuma ililia kwa sauti kubwa, trrrrr, na kelele kwenye mashine mpya mimi huwa siipendi. Fundi anajulikana kwa ukimya wa kazi yake. Nikaifungua, nikajaza grisi nzito, nikafunga. Ikanyamaza kabisa. Kwenye mfuko wa nailoni kulikuwa pia na kengele, kitu kidogo cha plastiki kisichozidi kifungo cha koti. Niliishika, nikaona itaharibu sura ya usukani mzuri kama ule, nikaitupa kwenye kopo la skurubu. Mtu angeniuliza siku ile, ningesema kwa majivuno kwamba nimeunganisha baiskeli isiyosikika.

Jumamosi asubuhi nikatoka nayo. Madereva wa bodaboda kwenye njia panda walisimama wote.

"Mura! Fundi, hiyo umeitoa wapi?"

"Ya watu. Naijaribu."

"Mbona haina madigadi? Umeshazoea debe, utaiwezaje?"

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Nilifurahi kwamba mtu alikumbuka lile bati.

Nilikusudia kuzunguka Morotonga tu, nipande kilima kidogo, nishuke, nirudi niandike. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini kijana alisema njia unazozijua wewe, na mimi mwanamume wa mjini nisiye na ng'ombe, njia gani ya porini ninaijua kwa moyo? Moja tu. Naijua kila jiwe, kila kijito, mahali pa kushuka na kusukuma, mahali ambapo mke wangu aliteremka kwenye keria ili anipunguzie uzito, akatembea mbele akiimba. Nilipofika kwenye maungio ya barabara ya changarawe, mikono yangu ilikata kushoto, upande wa Mbalibali. Nikajiambia nitafika juu ya kilima tu, nitageuza.

Baiskeli ile ilikuwa nzuri. Lazima niseme ukweli huo, ingawa sitaki kuipa sifa nyingi. Tuliacha changarawe tukaingia kwenye njia ya ng'ombe. Njia ya ng'ombe ina tabia yake, kwa wasioijua. Ng'ombe hawapandi kilima moja kwa moja. Wanakikata mshazari, wakizunguka mawe, na kwato zao zinachimba mfereji mwembamba ambao mvua huuzidisha. Kwa baiskeli yangu ya zamani, mfereji huo ni vita. Pedeli inagonga ukingo, mgongo unaumia, meno yanagongana. Hii mpya ilimeza kila kitu. Gurudumu la mbele liliingia shimoni, shokapu ikashuka, ikapanda, na mimi nikabaki pale pale nilipo, nimekaa. Nilipanda hadi mahali ambapo siku zote nilisukuma. Pale penye mzizi wa mkuyu nilijiandaa kushuka kwa mazoea, na kabla sijaamua, nilikuwa nimeshapita.

Juu ya kilima nikasimama, mguu mmoja juu ya jiwe. Upande mmoja kulikuwa na mabati ya Mugumu, upande mwingine mbuga ya Serengeti inaanza, tambarare hadi macho yanachoka. Moyo ulikuwa unadunda kwa furaha. Nikageuka nyuma kusema, "Umeona? Sijasukuma hata mara moja." Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Hakukuwa na mtu.

Sijui wengine hulia wapi. Mimi nililia hapo, nikiwa nimeshika usukani wa baiskeli ya watu, na kofia ya plastiki ya kambi kichwani.

Halafu nikatazama chini, upande wa pili. Njia ilikuwa inashuka kwa kona zake ninazozijua, na mashamba ya mtama yanaanza nusu ya kilima. Mtama ulikuwa umeshapita kichwa cha mtu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye mji wa wakwe zangu, mwembamba, wa jiko moja. Nilisema nitageuza hapa. Nikabonyeza kitufe, siti ikashuka, na nikashuka kwa wakwe zangu.

Sitadanganya kwamba baiskeli ndiyo iliyonipeleka. Nilikuwa nimechoka kutojua.

Mteremko ule ulinisahaulisha kila kitu kwa dakika chache. Nilisimama kwenye pedeli kama kijana alivyonionyesha, magoti yamelegea, na mawe yakapita chini yangu bila kunigusa. Hakuna kilichogonga. Hakuna kilicholia. Nilisikia upepo masikioni na tairi likitafuna mchanga, basi. Ndege walikuwa hawaruki hadi niwafikie. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba. Nikaingia kwenye mtama, mabua huku na huku, nikakata kona ya kwanza, nikakata ya pili.

Kwenye ya tatu alikuwepo yeye.

Alikuwa anapandisha, kitenge cha kijani kiunoni, mtandio begani, kamba ya mbuzi mkononi. Nilibana breki zote mbili. Gurudumu la nyuma lilinyanyuka, likarudi chini, na baiskeli ikasimama hatua mbili mbele yake. Mbuzi aliruka pembeni. Hakuna hata mmoja wetu aliyepiga kelele. Tulikuwa uso kwa uso, mimi na mama wa mke wangu, jambo ambalo kwa miaka yote halikuwahi kutokea.

Nikamwona. Ilikuwa sura ya mke wangu. Paji la uso lile lile, mdomo ule ule ulioinuka kidogo upande wa kushoto, hata lile pengo la meno ya mbele, maana mdomo ulikuwa wazi kwa mshtuko. Mke wangu hakufika umri wa kuwa na mikunjo. Pale nilimwona nayo. Nilimwona jinsi ambavyo angekuwa kama tungeachiwa miaka thelathini mingine, na sikuweza kuondoa macho, ingawa nilijua ni kosa na kila punje ya malezi yangu ilinipigia kelele niyaondoe.

Naye alinitazama. Sijui kwa muda gani.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuja kutafuta jibu, na mimi mwenyewe nimelizuia lisitoke. Angenisikia, angekuwa na nafasi ya kuamua: aingie shambani au asimame. Nimemnyima nafasi hiyo kwa grisi yangu na majivuno yangu ya fundi.

Kisha akafanya jambo lililonikata maini. Kamba ya mbuzi ilikuwa mkono wa kulia. Taratibu, akaihamishia mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukabaki mtupu.

Nikajiambia, basi. Anataka kunisalimu. Nikaanza kuiachia breki ya kulia ili nami niwe tayari, kwa sababu mzee akikunyooshea mkono hutamwacha nao hewani.

Mkono ukapanda. Ukapita usawa wa kifua, ukapita usawa wa bega, ukashika ncha ya mtandio, ukaivuta hadi ikafunika uso wote. Akageuka. Akaingia kwenye mtama, akimvuta mbuzi nyuma yake, na mabua yakajifunga. Nilibaki natazama mgongo wake hatua nne ndani, umetulia.

Nikatazama mbele, kama inavyotakiwa. Sikuweza kuondoka.

"Wewe mbuzi," sauti ikasema, kwa Kikurya. Mkwe na mama mkwe hawasemeshani, lakini mbuzi hana ukwe na mtu. "Wewe ulisikia kitu?"

Mbuzi alikuwa anakula majani ya mtama.

"Mimi sikusikia. Miaka yote nasikia bati kutoka kule juu, naweka sufuria chini, naacha njia mapema. Leo huyu katuingilia kimya kimya. Muulize baiskeli yetu ameipeleka wapi."

Alisema yetu.

"Mbuzi," nikasema, nikitazama mbele, "mwambie ipo. Nimeitundika ukutani."

Mabua yalitikisika.

"Muulize ameitundikia nini. Mimi kila Jumamosi natega sikio kilimani. Mvua ya kwanza, nikatega. Mavuno, nikatega. Nikasema, ameshapata njia nyingine, ni haki yake, bado ana nguvu. Nikasema, lakini hata kuaga?"

Nilitaka kusema kwamba nilikuwa naogopa. Nilitaka kusema kwamba nami nilikuwa nimekaa kilomita chache tu kutoka pale, nikinywa vikombe viwili vya chai, nikimsubiri yeye aniambie. Haikutoka. Nilisema tu, "Mbuzi, mwambie sijapata njia nyingine."

"Haya." Akakohoa. Alipoendelea, sauti ilikuwa imekaza, sauti ya mwenye mji. "Sasa ameniona uso. Mkwe akimwona mama mkwe uso, anajua anachofanya. Analeta blanketi la kufunika ile aibu. Mwambie alete. Na asije na hiki kinyoka. Aje na ile."

Nikasikia kamba ikivutwa na miguu ikiondoka kwenye mtama, kuelekea juu, akiizunguka kona ili asipite mbele yangu. Kilima kile na magoti yale, aliongeza njia kwa ajili yangu.

Nililisukuma lile dude la shokapu hadi juu, lote, ingawa lingeweza kupanda. Nilitaka kutembea. Mpita njia hadaiwi blanketi na mtu. Nililirudia hilo moyoni hadi nikafika barabara ya changarawe.

Jumatatu msimamizi wa kambi alikuja kuchukua baiskeli yake.

"Vipi, fundi? Shokapu zimefanyaje?"

"Nzuri. Breki nzuri. Gia zinaingia. Inafaa."

Akaizunguka, akaona kile kifungo cha plastiki kwenye usukani. Nilikuwa nimekitoa kwenye kopo na kukifunga. Pia friwili nilikuwa nimeifungua tena, nikafuta grisi yote, na sasa ililia kama ilivyokuja.

"Mzee, hii kengele umeiweka ya nini? Baiskeli ya namna hii haifungwi kengele."

"Huku inafungwa."

"Porini humo nani ataisikia?"

"Njia hizo zina wenyewe," nikamwambia. "Waambie wageni wako wapige kwenye kila kona. Na mteremko wa Mbalibali usiwapeleke. Huo haufai."

"Una mawe?"

"Una mawe," nikasema, na akaandika.

Siku hiyo hiyo niliishusha baiskeli yangu ukutani. Tyubu zilikuwa zimeoza, cheni imeshika kutu. Nilibadilisha, nikasafisha, nikatia mafuta, nikafanya kazi ambayo hakuna mteja aliyewahi kuipata kwangu. Mwisho nikachukua spana, nikailegeza madigadi. Niliitikisa, ikagonga. Nikalegeza zaidi kidogo, maana yule mama naye amezeeka, na masikio hayawezi kuwa yale ya safari yetu ya kwanza.

Blanketi nililichagua kwa Mwarabu wa sokoni, zito, jekundu lenye mistari. Nililifunga kwenye keria, mahali alipokuwa akikaa mke wangu. Sikupenda kuliona pale, kusema kweli. Kila nikigeuka nyuma nilitarajia mtu nikakuta blanketi. Nyumba niliyoifunga asubuhi ile ilikuwa tupu, na jioni ningeikuta tupu, hilo hakuna mama mkwe wa kulibadilisha. Nilisukuma kilima chote, jasho likanitoka, pedeli ikanigonga ugoko mara mbili. Juu ya kilima sikusimama.

Nilishuka na bati langu likigonga kila jiwe. Kona ya kwanza nikapiga kengele. Ya pili nikapiga. Kabla ya ile ya tatu nikapiga kwa muda mrefu, nikapunguza mwendo, na nikausikia mtama ukifunguka na kujifunga. Palikuwa na jiwe kubwa pembeni ya njia. Nikaweka blanketi juu yake, nikapanda tena, nikapita nikitazama mbele.

Nilikuwa nimeshapita hatua kama kumi niliposikia nyuma yangu akizungumza na mbuzi, bila kupunguza sauti.

"Umemwona? Amekonda. Mwambie apitilize nyumbani, ugali uko jikoni."

Sikugeuka. Nilipiga kengele mara mbili kumjibu, nikaendelea kushuka, na madigadi ikagonga njia nzima hadi uani kwao.